Nimepiga video ya ghala tupu Jinja. Nifanye nini ili mtazamaji ajisikie yumo ndani?

MpigaVideo_Jinja ameuliza:

Wakubwa kwa wadogo, salaam.

Kazi yangu ya kila wiki ni kupiga video za harusi na kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), hapa Jinja na upande wa Iganga. Ndiyo inayonilisha na ninaipenda. Lakini kuna jambo jingine limenishika na sitaki kuliacha hivi hivi.

Nyuma ya moja ya yale maduka ya zamani ya Wahindi mjini kwetu kuna ghala lisilotumika. Ni vyumba vitatu vilivyofuatana, kila kimoja kama mita tatu kwa nne, na milango yake imenyooka mstari mmoja: ukisimama mlango wa kwanza unaona hadi ukuta wa mwisho. Wazee wanasema mlikuwa na pamba, baadaye mahindi, baadaye hakuna kitu. Dirisha ni moja tu, juu, lenye nondo, chumba cha mwisho. Mwanga wake hutambaa sakafuni mchana kutwa, jioni unapanda ukutani kisha unapotea. Mzee anayelitunza jengo amenikubalia nipige video, na ameniruhusu kuwaonyesha watu humo humo ndani kwa siku chache.

Nimeshapiga. Nimevizunguka vyumba vyote na kamera ikiwa kwenye gimbali, kile kishikio cha kuzuia mtikisiko, kona kwa kona. Picha ni safi, haitikisiki. Rafiki yangu akaitazama, akasema inafanana na video za madalali wa nyumba. Neno hilo limeniuma kwa sababu naona lina ukweli. Ninachokisikia nikiwa ndani ya ghala, ule uzito wa mahali, kwenye video hakipo.

Nimesoma kidogo kwamba wasanii wa video hushughulikia nafasi kwa namna zao, wengine kwa skrini nyingi. Naomba mnieleze wanafanyaje hasa. Vifaa nilivyo navyo: purojekta moja ya ofisi, TV mbili bapa za inchi 32, spika mbili, na flashi ya kuhifadhia video. Stima hukatika, hilo mnalijua.

KijanaWaDroni amejibu:

Kaka, tafuta kamera ya digrii 360 uazime hata siku moja. Mtazamaji anageuza simu anavyotaka, anaona mbele, nyuma, dari. Hapo hakuna mtu atakayesema hayumo ndani. Kwa nje rusha droni, onyesha mabati ya jengo na mto kwa mbali. Utapata nafasi yote.

FundiWaSkrini_Busia amejibu:

Ndugu wa Jinja, nitakuandikia kwa urefu, maana vyumba vitatu vyenye milango iliyonyooka namna hiyo si kitu cha kupatikana kila siku.

Mimi nafunga purojekta na skrini: maonyesho ya sanaa Kampala, semina za hotelini, makanisa. Kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kibanda cha video hapa Busia, nikipokea pesa mlangoni na kubadilisha kaseti. Kwa hiyo nazungumza kama mtu wa kupanga chumba, uhakiki nawaachia wenyewe.

Dalali huzungusha kamera ili athibitishe ukubwa: kona hii, kona ile, dari, choo. Anayetazama anahesabu vyumba, lakini mwenyewe hasimami popote. Wasanii waliofanya kazi kubwa juu ya nafasi walianza na swali la mtazamaji: atasimama wapi, mwili wake utafanya nini. Kamera ilifuata baadaye. Na wewe anza hapo. Kabla hujafikiria idadi ya skrini, amua miguu ya mgeni wako itakanyaga wapi.

Kazi ninayoipenda kuliko zote katika jambo hili ni ya Bruce Nauman, Mmarekani, ya mwaka 1970. Alijenga ujia wa mbao, urefu karibu mita 10, upana nusu mita tu, mabega yanakaribia kugusa kuta. Mwisho wa ujia kuna TV mbili, moja juu ya nyingine. Moja inacheza mkanda wa ujia huo huo ukiwa mtupu. Nyingine inaonyesha picha ya moja kwa moja kutoka kamera iliyofungwa juu, pale mlangoni ulipoingilia. Sasa tembea. Unazisogelea TV ili ujione vizuri, na kadiri unavyosogea ndivyo unavyouona mgongo wako ukienda mbali na kuwa mdogo, kwa sababu kamera unaiacha nyuma. Kwenye TV ya pili humo kabisa. Akili inasema unakaribia, macho yanasema unaondoka. Hakuna picha ya kupendeza hata moja katika kazi ile, ni ukuta na mgongo wa mtu, lakini aliyetoka humo anaijua nusu mita kwa ngozi yake.

Dan Graham alifika pengine kwa njia inayokaribiana. Mwaka 1974 alitengeneza chumba chenye kuta za vioo, kamera moja na TV moja, na picha ya kamera ikacheleweshwa sekunde 8 kabla ya kutokea kwenye TV. Kioo kinakuonyesha ulivyo sasa, TV inakuonyesha ulivyokuwa sekunde 8 zilizopita. Na kwa kuwa kamera inaiona ile TV ndani ya kioo, ndani ya picha kuna picha ya sekunde 16 zilizopita, na ndani zaidi ya 24. Chumba kilekile kinakuwa na tabaka za wakati, nawe umo katika kila tabaka.

Nauman na Graham walipofanya hayo, mtu wa kawaida hakuwa amezoea kujiona kwenye TV akiwa anatembea. Leo kila duka la simu lina kamera ya ulinzi, na tangu 2018 polisi wamezifunga barabarani Kampala. Mgeni wako Jinja ataelewa mara moja maana ya kujiona kwa nyuma, pengine atashtuka zaidi kuliko mgeni wa 1970.

Wala usidhani mambo haya yalianzia ng'ambo peke yake. Mimi niliyajifunza kwenye kibanda kabla sijasikia jina la msanii yeyote. Mabenchi, mbao zenye nyufa, pazia zito mlangoni, joto. VJ anashika maikrofoni na kuitafsiri filamu kwa Kiganda papo hapo. Jambazi wa Hong Kong anapewa jina la kijana wa Katwe, mtaa wa Kampala, gari linalokimbia linaambiwa linaelekea Nakawa, mjini humo humo. Picha iko kule, sauti iko hapa, na watu wa kwenye benchi wanakaa katika mji wa tatu ambao hauko kule wala hapa. Niliwaona watu wazima wakiinama wakati gari linapinda. Sauti ilikuwa imebadilisha mahali walipo. Ndiyo maana nilifurahi sana watu wa Wakaliga, wanaotengeneza filamu zao mtaani kule Kampala, walipokwenda Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Documenta ya 2022. Walitoka katika utamaduni huo huo wa kibanda na VJ.

Hata tamasha la KLA ART pale Kampala lilianza kwa kuchagua mahali. Mwaka 2012 kazi ziliwekwa ndani ya makontena ya mizigo katika sehemu mbalimbali za mji, na 2014 boda boda zikageuzwa majumba ya sanaa yanayotembea. Mtu anayeingia kwenye kontena la bati saa nane mchana tayari amepewa nusu ya kazi, kabla hajaona chochote.

Sasa skrini nyingi. Isaac Julien, Mwingereza, ana kazi ya 2010 yenye skrini tisa zilizoning'inizwa huku na huku katika ukumbi, iliyotokana na vifo vya wafanyakazi wa Kichina zaidi ya 20 waliozidiwa na maji wakiokota kombe katika ghuba ya Morecambe mwaka 2004. Popote unaposimama, kuna skrini iko nyuma yako. Huwezi kuziona zote, lazima uchague, ugeuke, utembee, ukubali kukosa. Hapo wingi wa skrini una kazi. John Akomfrah, mzaliwa wa Accra, alitumia tatu kando kwa kando mwaka 2015 katika kazi yake juu ya bahari: nyangumi, meli na watu waliozama vinakaa jirani bila kuelezwa uhusiano wao. Ukiweka tatu ili zionekane nyingi tu, ni afadhali uweke moja.

Kwa ghala lako ningefanya hivi. Acha gimbali. Weka kamera kwenye stendi, lenzi iwe kimo cha macho, mita 1.5 hivi kutoka sakafuni, mlangoni mwa chumba cha mwisho, ikitazama ukuta wa ndani. Usiiguse. Rekodi tangu mwanga wa dirisha unapoingia hadi unapotoka, kipande kwa kipande kama betri hairuhusu. Halafu picha hiyo irushe kwenye ukuta ule ule uliorekodiwa, kwa ukubwa ule ule wa ukweli, ufa juu ya ufa. Usiku, au dirisha likiwa limezibwa kwa kitambaa cheusi, mgeni ataona mchana ukipita juu ya ukuta ambao hauna mchana.

Hesabu yake: purojekta nyingi za ofisi huhitaji karibu mita moja na nusu ya umbali kwa kila mita moja ya upana wa picha. Ukuta wako ni mita tatu, kwa hiyo unahitaji mita nne na nusu, na chumba kina nne. Basi purojekta ikae chumba cha kati, nusu mita nyuma ya mlango, juu ya mlingoti au rafu. Pima urefu wa kizingiti mapema, maana mwanga lazima upite chini yake na juu ya vichwa vya watu. Kama kizingiti ni kifupi, punguza picha iwe mita mbili na nusu, utahitaji mita tatu na robo tatu tu na purojekta itaingia ndani ya chumba chenyewe. Hapo usirushe picha nzima kwa udogo: ikate kwanza wakati wa kuhariri, vibaki vipimo vya kweli, la sivyo ufa hautalala juu ya ufa. Kivuli cha mtu kikigusa ukuta kidogo si vibaya. Anajua sasa kwamba yumo.

TV moja iweke chumba cha kwanza, na kamera ya bei nafuu ya ulinzi juu ya mlango wa kuingilia. Chumba cha kati kiache kitupu, purojekta tu.

KijanaWaDroni, ushauri wako una nia njema, lakini digrii 360 itamtoa mtu ndani ya ghala na kumweka ndani ya simu. Na yeye ana bahati ya kuwa na ghala lenyewe.

Bint_wa_Mbarara amejibu:

Fundi, asante kwa somo. Nakubaliana nawe kwa ule ukuta juu ya ukuta, na nitaupinga ule mpango wa kamera ya ulinzi. Nieleze.

Mimi nafundisha sanaa sekondari, huku Mbarara. Hapa ndipo alipozaliwa Zarina Bhimji, mwaka 1963. Amin alitangaza kuwafukuza Waasia Agosti 1972 na kuwapa siku 90. Familia ya Bhimji iliingia Uingereza mwaka 1974. Baadaye akarudi kupiga filamu Uganda, na kazi hiyo, Out of Blue, ikaonyeshwa Kassel kwenye Documenta ya 2002. Ni dakika 24 na kitu, skrini moja tu. Inaanza na nchi ya kijani, kisha moto, halafu inapita kwenye majengo yaliyoachwa: seli, kambi, kuta zilizobambuka rangi, uwanja wa ndege wa Entebbe. Watu ni kama hawapo. Waliopo wako kwenye sauti, minong'ono, ndege, moto unaolia. Kamera yake haina haraka ya kuthibitisha kitu. Kwa nini ukuta mtupu unauma namna ile? Kwa sababu unajua kuna aliyekuwa akiuegemea, na hakuondoka kwa hiari yake.

Kaka wa Jinja, ghala lako ni la namna hiyo. Duka lililojengwa na Wahindi, vyumba vya pamba, halafu "baadaye hakuna kitu". Hilo neno "hakuna" lina mwaka wake. Mtu akiingia mlangoni na kitu cha kwanza akaona mgongo wake kwenye TV, ghala limekuwa habari yake yeye. Nauman alijenga ujia wake mwenyewe kwa mbao mpya, haukuwa na wa kukumbukwa. Wako unao. Mimi ningempa mgeni sauti katika vyumba viwili vya kwanza na nisimwonyeshe picha yoyote hadi afike cha mwisho.

Na sauti usiitoe kwenye maktaba za intaneti. Irekodi humo. Kila chumba kitupu kina mvumo wake, na wa asubuhi si wa mchana. Mabati yakipata jua yanatanuka na kulia. Boda zinapita nje, muezini anaadhini, njiwa wako juu ya dari. Weka kinasa sauti katikati ya chumba, ondoka, funga mlango, kiache saa nzima. Kisha spika ya chumba cha kwanza icheze sauti iliyorekodiwa chumba cha tatu. Mgeni atasikia mahali ambapo bado hajafika.

Katika Documenta hiyo hiyo ya 2002 Steve McQueen alionyesha kazi aliyopiga ndani ya mgodi wa dhahabu wa TauTona, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi. Mwanzo wake ni lifti inayoshuka gizani. Huoni karibu kitu, mwanga unakatiza tu, na chuma kinapiga kelele mfululizo. Halafu kelele inakatwa ghafla, kimya kabisa. Kimya kile kinakupa kina cha mgodi kuliko mchoro wowote. Hakuhitaji kumwonyesha mtazamaji uso wake mwenyewe.

Ombi moja zaidi: mzee anayelitunza jengo, je, anawajua waliolimiliki? Majengo mengi yalirudishiwa wenyewe miaka ya 1990. Kama familia ipo, iulize. Wakikataa jina lisitajwe, usilitaje, lakini uliza.

MpigaVideo_Jinja ameandika:

Dada, umenigusa mahali. Mzee anawajua. Anasema mmoja wa familia huja Jinja mara kwa mara, na funguo za ghala zilipitia kwake. Nitamwomba mzee anikutanishe naye kabla sijarekodi kitu kingine.

Jioni nilikwenda na futi. Kizingiti ni mita 2.1, kwa hiyo purojekta haiwezi kukaa juu sana chumba cha kati. Nachukua ile picha ya mita mbili na nusu. Kamera ya ulinzi naiacha, Fundi unisamehe. Nikijiona mgongo mlangoni nitasahau pamba.

Swali lililobaki: TV mbili nizifanyie nini, au zibaki nyumbani? Na stima ikikatika watu wakiwa ndani?

FundiWaSkrini_Busia amejibu:

Hakuna cha kusamehe. Nauman bado nampenda na siku moja utajenga ujia wako mahali pengine, lakini hoja ya Dada ni nzito: mahali palipo na wenyewe pasikilizwe kwanza. Nimekaa kibandani miaka mingi na sauti ndiyo iliyokuwa ikituhamisha, kwa hiyo hapo sina ubishi naye.

TV zibaki nyumbani. Mwanga wake wa buluu utavuja hadi chumba cha mwisho na kuuharibu ukuta wako. Ukitaka kutumia moja, iwe nje, barazani, ikionyesha uso wa mzee anayelitunza jengo akizungumza, kama yeye na wenye jengo wameridhia. Sauti yake isiingie ndani.

Kwa spika: usiziweke zikitazama watu. Zigeuze zielekee ukuta au kona, sauti irudi ikiwa imeguswa na chumba. Na waya upite juu ya mlango, si sakafuni, gizani mtu atajikwaa.

Stima: spika ndogo za kuchaji zitaendelea zenyewe likitokea la kutokea, na hilo kwako ni faida, maana picha ikizimika sauti ya chumba itabaki. Purojekta ndiyo tatizo. Taa yake ikiwa ya zamani haipendi kuzimwa ghafla ikiwa moto, kwa hiyo azima betri na inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), hata ya kukupa dakika 15, uizime kwa utaratibu. Jenereta usilete, kelele yake itaua kila ulichorekodi. Weka video ijirudie kutoka kwenye flashi na uhakikishe inaanza yenyewe purojekta ikiwashwa tena, bila mtu kushika rimoti. Lijaribu hilo mapema kwa kuzima swichi kuu, mara ya kwanza ukiwa peke yako, mara ya pili mzee akiwa nawe, ili ajue la kufanya wewe ukiwa umeenda kwanjula ya watu.